Je, askari waliokufa bado wanatembea Gettysburg?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nasoma Marekani, na mwezi wa kumi tulikwenda wanne kutembelea uwanja wa vita wa Gettysburg. Jua likizama tulikuwa kwenye yale majabali yaitwayo Devil's Den. Nikasikia ngoma kama ya gwaride, halafu hatua za watu wengi kwenye majani makavu. Mwenzangu mmoja naye alisikia, wawili hawakusikia kitu. Ikaja baridi ya ghafla, simu yangu iliyokuwa na theluthi ya chaji ikazima, na kwenye picha ya mwisho niliyopiga kuna duara jeupe linaelea. Baadaye kiongozi wa matembezi ya usiku mjini alituambia hao ni askari wasiojua kuwa wamekufa. Je, ni kweli roho za askari hubaki pale walipofia? Na mbona ni askari, si watu wengine? Niliokota kijiwe pale, na tangu nirudi silali vizuri. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Nikupe kwanza jibu fupi, usije ukalitafuta hadi mwisho. Katika miaka yote niliyosoma shuhuda za mizuka ya vitani, za kale na za juzi, sijakutana na hata moja inayonilazimisha kuamini kwamba askari aliyekufa amebaki akitembea pale alipoangukia. Ila nimekutana na nyingi zinazonilazimisha kuamini kwamba waliozitoa hawakuwa wanadanganya. Na wewe nakuweka kwenye kundi hilo.

Sasa turudi kwenye majabali, kwa sababu umesimama mahali penye kisa ambacho nina wasiwasi kiongozi wenu alikisimulia nusu.

Gettysburg walipigana tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini. Siku chache baadaye akafika mpiga picha Alexander Gardner na wasaidizi wake, wakati maiti nyingi za jeshi la Kusini zilikuwa bado hazijazikwa. Kwenye mteremko karibu na Devil's Den wakamkuta kijana mmoja wa Kusini amelala, wakampiga picha kadhaa. Kisha wakaona kwamba pale juu, katikati ya majabali mawili, pana kiukuta cha mawe ambacho kingependeza zaidi pichani. Wakambeba umbali wa mita thelathini na kitu, wakamlaza chini ya ukuta ule na kumwegeshea bunduki kando. Bunduki yenyewe ni ya askari wa kawaida, si ya mdunguaji, yaani mlenga shabaha wa kujificha. Mwaka 1866 Gardner aliichapisha picha hiyo na maelezo kwamba huyu alikuwa mdunguaji aliyejificha pale, akajeruhiwa, akafa polepole akiwaza kwao. Akaongeza kwamba alirudi Novemba akakuta mifupa bado ipo na bunduki bado imeegemea. Hilo haliingii akilini: kufikia Novemba vikosi vya kuzika vilikuwa vimeshapita, na waokota kumbukumbu walikuwa wamepekua kila kona.

Watu waliiamini picha ile kwa karibu karne nzima. Mwaka 1975 mwanahistoria William Frassanito alizilinganisha picha moja moja, jiwe kwa jiwe, akaonyesha kuwa maiti ya mteremkoni na maiti ya ukutani ni mtu mmoja.

Sasa sikiliza kisa cha mzuka wa mahali hapo, kile maarufu kuliko vyote. Wageni husimulia kwamba hukutana na mtu peku, kofia yake pana imelegea, nguo zimechanika, anafanana na watu wa Texas waliopigana pale. Humwambia mpiga picha kwamba anachokitafuta kiko kule, akinyoosha kidole, kisha hayupo. Na husemwa kamera hugoma Devil's Den kwa sababu marehemu ana hasira: mpiga picha aliuburuta mwili wake ili auze picha.

Hebu pima kisa hicho. Hasira hiyo isingeweza kusimuliwa na mtu yeyote kabla watu hawajajua kwamba maiti ilihamishwa. Mzuka ulipata sababu ya kukasirika baada ya mwanahistoria kufanya kazi yake. Yaani askari aliyekufa 1863 alingoja zaidi ya miaka mia moja utafiti ukamilike ndipo ajue kilichomuudhi! Nacheka kidogo, lakini simcheki msimuliaji. Ndani ya kisa hicho kuna haki inayodaiwa: kijana yule aligeuzwa pambo la picha, hatujui jina lake hadi leo, na watu wamemtafutia namna ya kulalamika.

Ndiyo maana nasema, na hili ndilo ninaloliamini baada ya kusoma sana, kwamba mizuka ya vitani haifuati maiti zilipo. Hufuata simulizi zilipo. Neno letu lenyewe linatusaidia: mzuka ni kile kinachozuka, na kuzuka ni ndugu wa kuzua. Simaanishi uongo. Namaanisha kwamba kitu hakizuki bila kuwapo wa kukizusha.

Mizuka ingekuwa inafuata maiti, Gettysburg ingekuwa imetulia zamani. Waliouawa pale ni zaidi ya 7,000, na ukijumlisha waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea unafika kama 51,000. Askari wa Kaskazini walihamishiwa makaburi yaliyozinduliwa tarehe 19 Novemba mwaka uleule, siku Rais Lincoln alipotoa hotuba yake fupi. Wa Kusini waliachwa kwenye mitaro mashambani. Lakini kati ya 1871 na 1873 daktari Rufus Weaver aliwafukua zaidi ya 3,000 wakapelekwa Kusini, wengi wao Richmond. Upande wa kaskazini wa uwanja kuna shamba ambalo kikosi cha Jenerali Iverson kutoka North Carolina kilifyekwa tarehe 1 Julai, wakiwa wamejipanga mstari kiasi kwamba walioanguka walilala mstari vilevile. Walizikwa hapohapo kwenye mashimo yasiyo na kina. Miaka mingi baadaye wafanyakazi wa shamba walikuwa hawataki kubaki pale giza likiingia. Mifupa iliondoka, hofu ikabaki, kwa kuwa hofu ilikuwa imeshapata jina: Mashimo ya Iverson.

Linganisha na vita vya Waterloo, Ubelgiji, vya 1815, aliposhindwa Napoleon. Walikufa maelfu kwa maelfu siku moja, na mpaka leo wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya wachache mno. Ilikwenda wapi? Magazeti ya karne ile yaliandika juu ya mifupa ya viwanja vya vita vya Ulaya kusagwa kuwa mbolea, na watafiti waliochapisha kazi yao 2022 wameonyesha kwamba mingine ilichimbwa kwa ajili ya viwanda vya sukari, ambako mkaa wa mifupa ulitumika kuchuja sukari iwe nyeupe. Kama kuna maiti zenye haki ya kurudi na kugonga milango, ni hizo. Au chukua vita vya Verdun, Ufaransa, vya 1916. Kwenye jengo la Douaumont imehifadhiwa mifupa ya askari wasiopungua 130,000 wasiojulikana, Wafaransa na Wajerumani pamoja, na unaweza kuiona kupitia vidirisha vya chini. Nimesoma mengi juu ya Verdun. Huzuni imejaa tele, mizuka michache. Gettysburg, yenye sehemu ndogo tu ya vifo hivyo, ina mizuka ya kila nyumba na kila daraja, na tangu miaka ya 1990 ina biashara kubwa ya matembezi ya usiku kuisimulia. Kiongozi wenu ni mtu wa biashara hiyo. Simlaumu, lakini ukumbuke kwamba kauli ya "hawajui kuwa wamekufa" haitoki kwenye shuhuda za 1863.

Na si jambo jipya. Marathon, ambako Waathene waliwashinda Waajemi mwaka 490 kabla ya Kristo, msafiri Pausanias alipita zaidi ya miaka 600 baadaye akaandika kwamba kila usiku husikika farasi wakilia na watu wakipigana. Mstari wake unaofuata ndio ninaoupenda. Anasema anayekwenda makusudi ili aone hapati jema, bali aliyejikuta pale bila kujua hadhuriwi na hasira ya roho hizo. Wawinda mizuka wa leo na vifaa vyao wangeusoma huo. Kuna jingine hapo, tena zito zaidi. Waathene 192 waliokufa walizikwa kwa heshima kwenye kilima kinachoonekana hadi leo. Kuhusu Waajemi, ambao mwanahistoria Herodoto anasema walikufa 6,400, Pausanias aliambiwa walizikwa, lakini alipotafuta kaburi lao hakuliona. Akahitimisha kwamba walitupwa tu kwenye shimo. Kelele za usiku na kaburi lisiloonekana viko kwenye ukurasa mmoja.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili, mbona ni askari.

Wagiriki wa kale waliwagawa wafu wasiotulia katika makundi matatu: waliokufa kabla ya wakati wao, waliokufa kwa kuuawa, na wasiozikwa. Mtu wa kawaida huenda akaangukia kundi moja. Askari wa miaka ishirini aliyepigwa risasi ugenini na kufukiwa mtaroni bila jina yumo katika yote matatu. Na kumzika halikuwa jambo la hiari. Mwaka 406 kabla ya Kristo majenerali wa Athene walishinda vita vya majini huko Arginusae, lakini dhoruba ikawazuia kuokoa manusura na kuokota maiti. Sita waliorudi nyumbani walihukumiwa na kuuawa, washindi wazima. Jamii inayowaua majenerali wake kwa ajili ya maiti zilizoachwa baharini haioni mazishi kuwa adabu tu. Ni deni, na mzuka ni mdai wake.

Vietnam ndiko nilikojifunza kuliheshimu jambo hili. Huko imani ya wengi ni kwamba aliyekufa nyumbani akazikwa na watoto wake ametulia, na aliyekufa njiani, mbali, mwili haujulikani uliko, hutangatanga na njaa. Vita vilipokwisha 1975 familia za watu kama laki tatu hazikuwa na kaburi la kuonyesha. Watu wa huko wanapozungumzia roho za askari, mara nyingi wanazungumzia mtoto wa fulani ambaye hajarudi, na safari za kumtafuta zinaendelea hadi leo. Wanajeshi wa Marekani waliijua imani hiyo wakaigeuza silaha. Walirekodi muziki wa mazishi, kilio cha mtoto akimwita baba, na sauti ya "marehemu" akiwasihi wenzake warudi nyumbani wasije wakafa kama yeye, kisha wakazipiga usiku kwa vipaza sauti, nyingine kutoka kwenye helikopta. Mara nyingi jibu lilikuwa risasi kuelekea sauti inakotoka, kwani waliolengwa walijua vizuri kabisa kwamba ni kanda. Hata askari wa upande wa Marekani wenyewe, Wavietnam wa Kusini, waliweza kutishika, kwa vile imani ilikuwa yao pia. Katika visa vyote ninavyovijua, hicho ndicho pekee ambacho naweza kukuonyesha mzuka uliotengenezwa kwa mashine. Na hata huo ulihitaji huzuni ya kweli ili ufanye kazi.

Mizuka hutumikia pia haja za wanaobaki. Baada ya vita vya Edgehill, Uingereza, Oktoba 1642, kati ya jeshi la mfalme na la bunge, wachungaji wa mifugo na wapita njia walisema wakati wa Krismasi kwamba wameona majeshi yakipigana tena angani usiku, ngoma, mizinga na vilio. Kijitabu kilichapishwa Januari 1643. Mfalme Charles akatuma maofisa kutoka Oxford, nao wakarudi na kiapo kwamba wameona, hata wakamtambua Sir Edmund Verney, mbeba bendera ya mfalme aliyeuawa pale. Ushahidi wa kiapo, wa watu wenye vyeo! Lakini soma kijitabu hadi mwisho: maono yanafasiriwa kuwa ghadhabu ya Mungu juu ya Waingereza kuuana wao kwa wao, na mwandishi anaomba amani ipatikane upesi kati ya mfalme na bunge. Miezi miwili baada ya vita, nchi imegawanyika, nani angethubutu kusema waziwazi kwamba wote mmekosea? Wafu walisema.

Na wakati mwingine chanzo kinajulikana kwa tarehe. Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lilirudi nyuma kutoka Mons, Ubelgiji, likiwa limechoka kupita kiasi. Tarehe 29 Septemba gazeti moja la London likachapa hadithi ya kubuni ya Arthur Machen, ambamo wapiga mishale wa zamani wanatokea kuwasaidia. Mwaka uliofuata nchi nzima ilikuwa inazungumza juu ya malaika wa Mons kama jambo lililoonwa na maofisa. Machen alitangaza kwamba alibuni. Watu walimjibu kwamba yeye ndiye asiyejua. Namwonea huruma mpaka leo.

Usidhani basi kwamba ni raia tu. Askari wenyewe huona. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Julai 1863 kikosi cha 20 cha jimbo la Maine, cha jeshi la Kaskazini, kilikuwa kinaukimbilia uwanja wa Gettysburg kwa mwendo wa kuchosha, na gizani ukapita uvumi kwamba George Washington, rais wa kwanza wa Marekani aliyefariki 1799, ameonekana machweo akipanda farasi juu ya vilima. Kamanda wao Joshua Chamberlain aliyaandika hayo miaka hamsini baadaye, akaomba msomaji asimcheke, kwani naye alikuwa karibu aamini. Kesho yake watu hao walikuwa miongoni mwa walioshikilia kilima cha Little Round Top, mkabala na majabali mliyosimama. Mtu asiyelala, mwenye hofu, anayetembea gizani kwenye mstari mmoja na wenzake mia kadhaa: ubongo wake huota huku macho yamefunguka. Waliotoka Mons walisimulia kuona majumba na vikosi barabarani ambavyo havikuwapo.

Sasa mambo yako, moja baada ya jingine.

Ngoma kwanza, maana ndiyo iliyonivutia. Umesema mwezi wa kumi, jioni. Huo ni msimu wa mpira wa Kimarekani, na bendi za shule hufanya mazoezi nje saa hizo. Mchana hewa iliyo karibu na ardhi ni ya moto zaidi, sauti hupinda kwenda juu na kupotea. Jua likizama mambo hugeuka: ardhi hupoa upesi, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti hupindishwa kurudi chini, ikasafiri mbali kuliko kawaida. Tarumbeta, zenye sauti nyembamba, hufifia njiani. Ngoma, yenye sauti nzito, hufika. Ndiyo maana mtu aliye mbali na bendi husikia ngoma peke yake, na ngoma peke yake mahali kama pale haiwezi kukumbusha kitu kingine. Kuna uwezekano mwingine wa kawaida kabisa: Gettysburg hutembelewa na vikundi vinavyoigiza vita, watu wazima wenye sare kamili, ngoma na bunduki. Wageni wengi wamewapungia mkono "mizuka" iliyokuwa inarudi kwenye gari lake.

Kwamba wawili walisikia na wawili hawakusikia halinishangazi pia. Majabali yale ni makubwa sana. Ukihama hatua tano unaingia kwenye kivuli cha sauti. Ningependa kujua mlisimama wapi kila mmoja. Ningependa kujua pia kama mwenzako alisema amesikia kabla hujamwambia, au baada. Hilo la pili ni muhimu kuliko yote, na watu hulisahau ndani ya saa moja.

Hatua kwenye majani makavu: kulungu. Hifadhi ile ina wengi mno, na wasimamizi wamekuwa wakiwapunguza tangu miaka ya 1990. Hutoka kula machweo, hutembea kwa kundi, husimama ukisimama. Nimewahi kujificha nyuma ya mti kwa robo saa kwa sababu ya kundi la wanyama, nami ni mtu mzima niliyeyajua haya yote, kwa hiyo sikuelezi kwa kiburi.

Baridi ya ghafla: mlikuwa kwenye miamba iliyo ukingoni mwa bonde la kijito. Hewa iliyopoa ni nzito, huteremka kama maji na kujikusanya bondeni. Ukiwa umesimama inakopita utahisi kama mtu amefungua mlango. Baridi hiyohiyo huangusha nguvu ya betri, na kiwango cha chaji unachokiona kwenye kioo ni makadirio tu. Simu iliyotumika siku nzima kupiga picha na kutafuta mtandao, ikiwashwa flashi kwenye baridi, huzima ikiwa bado inadai ina theluthi. Kama baada ya kuipasha moto mfukoni iliwaka na chaji ileile, hapo huna haja ya mwanahistoria.

Duara jeupe ni vumbi, au tone la umande, au mdudu, lililokuwa sentimita chache mbele ya lenzi. Flashi ya simu iko karibu sana na lenzi, kwa hiyo mwanga hurudishwa moja kwa moja. Kitu kidogo kilicho karibu kikakosa kulengwa na kuonekana duara kubwa laini. Hili sina shaka nalo. Ukitaka hakikisho, kung'uta blanketi gizani upige picha, utapata roho mia.

Utasikia pia juu ya sauti nzito isiyosikika inayoleta mizuka. Inatokana na Vic Tandy, mhandisi aliyeandika 1998 kwamba katika maabara moja huko Uingereza watu walihisi woga na yeye akaona kivuli pembeni ya jicho, kumbe feni ilikuwa inatetemesha hewa mara 19 hivi kwa sekunde. Ilipozimwa, mambo yakakoma. Ni kisa kizuri, ila majaribio yaliyofuata hayakuleta kitu chenye uzito wa kutegemea, na Devil's Den hakuna feni.

Umeona nimekuwa mkavu kidogo hapo. Nimefanya makusudi, kwa kuwa vitu vinavyopimika vinastahili vipimo. Lakini kuna uzoefu mwingine ambao siuwekei vumbi na kulungu. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees wa Wales alichapisha mazungumzo yake na wajane karibu 300. Takriban nusu yao walikuwa wamehisi, kusikia au kuona mwenzi wao aliyekufa, na wengi walikuwa hawajamwambia mtu. Hawakuwa wagonjwa. Kuhisi aliyekwenda bado yupo ni sehemu ya kawaida ya kufiwa. Vita hufanya jambo hilo la chumbani kuwa la taifa zima kwa wakati mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mama mmoja wa Uingereza, Ada Deane, alikuwa anapiga picha za umati ukiwa kimya kwenye mnara wa kumbukumbu London, na juu ya umati ule zilitokea nyuso za vijana zikielea kama wingu. Familia zilizitazama zikatambua watoto wao. Mwaka 1924 gazeti likaonyesha kuwa nyuso kadhaa ni za wanamichezo walio hai. Udanganyifu wa wazi, na bado wapo waliozing'ang'ania picha hizo. Mzazi aliyeambiwa "hajulikani alipo" angefanya nini na picha kama hiyo? Angeitupa?

Kuhusu roho kubaki au kuondoka kwa maana ya dini, huo si uwanja wangu, na mtu wa dini yako atakujibu kwa kitabu chake. Mimi naweza kusema tu kile ambacho shuhuda zinabeba na kile zisichobeba.

Bado kijiwe chako. Kuokota kitu chochote katika hifadhi za taifa za Marekani, hata jiwe, ni kosa kisheria. Hauko peke yako: wasimamizi wa Gettysburg wamekuwa wakipokea kwa posta mawe yaliyofungwa pamoja na barua za kuomba radhi, watu wakieleza talaka, kazi zilizopotea na maradhi yaliyowapata tangu walipoyachukua. Siamini jiwe limewafanya hivyo. Katika idadi kubwa ya watu waliookota mawe, wengi wamepata mikosi ya kawaida ya maisha, na wenye mawe wana pa kuibandika. Hata usingizi wako naona umevurugwa na kitu ulichokichukua huku ukijua hukupaswa, halafu kila usiku unakiangalia mezani.

Lirudishe. Lifunge kwenye bahasha ngumu, utume kwa ofisi ya hifadhi, uandike ulilitoa upande gani wa majabali na tarehe gani. Na usipige tena simu kukodi matembezi ya usiku kabla ya kufika mchana kwenye makaburi yaliyoko kilimani. Kuna sehemu zenye vijiwe vidogo vyeupe vya mraba, vimepangwa nusu duara, na juu yake hakuna jina, ni namba tu. Vipo karibu elfu moja. Ukipata nafasi nipigie picha ya safu moja, bila flashi.